Sacramentum: kiapo, siri na sakramenti

Anayesoma maandishi ya Kikristo ya Kilatini ya karne za mwanzo akilikuta neno sacramentum, huona limeshajieleza lenyewe na kuandika "sakramenti", yaani ibada takatifu ya kanisa kama ubatizo. Mara nyingi atakuwa amekosea, kwa kuwa neno hilo lilikuwa na kazi zake Roma kabla ya kuingia kanisani.

Kiliitwa hivyo kiapo alichokula askari mpya cha kumtii jemadari wake, na vilevile fedha ambazo wadaawa waliweka mahakamani, aliyeshindwa asirudishiwe. Plinius, gavana wa Bithinia, alipomwandikia Kaisari Traiano karibu na mwaka 112, alieleza kuwa Wakristo hujifunga kwa sacramentum kwamba hawataiba, hawatazini wala hawatakana amana. Wapo waliotaka kuuona ubatizo hapo. Mimi naona ni kiapo tu, maana mwandishi ni Mroma asiye Mkristo, naye anatumia lugha ya ofisini kwake.

Kwa Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago huko Afrika Kaskazini, maana hizo mbili, kiapo na sakramenti, zinagusana. Akiwaandikia Wakristo waliokuwa gerezani, anawakumbusha kwamba waliitwa katika jeshi la Mungu aliye hai tangu pale walipoyajibu maneno ya sacramentum. Anazungumzia ubatizo, lakini anausema kwa lugha ya kambini; mwenye kuwahi kusikia "Je, mwamkataa Shetani?" ikijibiwa "Namkataa" ataelewa kwa nini mfano huo ulimjia. Ukitafsiri "sakramenti" hapo, askari anapotea.

Utata mkubwa zaidi ulitokana na Biblia. Neno la Kigiriki mysterion, yaani siri, watafsiri wa Kilatini mara walilitia mysterium, mara sacramentum, kwa hiyo katika Vulgata, ile tafsiri ya Biblia ya Kilatini, Ufunuo 1:20 inataja sacramentum ya nyota saba, na hakuna aliyewahi kuzihesabu nyota hizo kuwa sakramenti. Waefeso 5:32, penye habari za mume na mke, haikupita kimya vivyo hivyo. Biblia yetu ya Kiswahili inasema "Siri hiyo ni kubwa". Vulgata inasema sacramentum hoc magnum est, na wanateolojia wa Zama za Kati waliutegemea mstari huo walipoihesabu ndoa miongoni mwa sakramenti saba. Mwaka 1520 Martin Luther alipinga, akisema Kigiriki kinataja siri tu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulipoitetea sakramenti ya ndoa mwaka 1563, ulichagua kitenzi cha tahadhari: haukusema Paulo anafundisha jambo hilo, bali analidokeza.