Kazi ya Likizo Majuu: Jihadhari na Ajenti Asiyeuliza Chuo Kinafunguliwa Lini

Kila mwaka unapoanza, makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa Mombasa hujaa matangazo ya kazi za likizo majuu. Mlinzi wa bwawa la kuogelea Marekani, mchuma stroberi Uingereza, mpakiaji wa vifurushi Ujerumani. Picha huwa ile ile, kijana na begi la magurudumu mbele ya ndege, na chini yake namba ya simu na onyo kwamba nafasi zinakwisha.

Baadhi ya kazi hizo zipo kweli na zina sheria zake. Nalitanguliza hili kwa sababu wazazi wengi wa Pwani, kwa masaibu waliyoyasikia ya wasichana waliokwenda Arabuni, wameshafunga mjadala: safari yoyote ya kazi ni kuuzwa. Kijana naye, akijua nyumbani hakuna wa kumsikiliza, hubaki akimsikiliza ajenti peke yake.

Sisi tunaowashauri wanafunzi kuhusu ajira huanzia pale maajenti wengi wanapopapita mbio, yaani kwenye uanafunzi wenyewe. Kazi halali ya likizo imejengwa juu ya chuo. Nchi unayokwenda inakupa ruhusa kwa kuwa una darasa la kurudia. Kwa hiyo lazima mtu akuulize unasoma wapi, uko mwaka wa ngapi, likizo yako inaanza tarehe gani na chuo kinafunguliwa lini, kisha adai barua ya chuo yenye muhuri. Ajenti asiyejali hayo, akakwambia "wewe lete pasipoti tu, mengine niachie", ana safari nyingine anayokuandalia.

Mpango unaojulikana zaidi ni wa Marekani, wa visa ya J-1, uitwao Summer Work Travel. Unasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Sharti uwe umesajiliwa kwa masomo ya muda wote katika chuo kilicho nje ya Marekani, uwe umemaliza angalau semesta moja, Kiingereza chako kitoshe kazini, na muda wote wa kazi usizidi miezi 4, ndani ya likizo ndefu ya chuo chako. Mwanafunzi anayetoka Kenya haruhusiwi kwenda kwanza ndipo atafute kazi akiwa huko. Kazi huwa imeshapatikana na kukaguliwa kabla ya safari.

Anayekuchukua hasa ni shirika la Marekani lililoidhinishwa na wizara hiyo, liitwalo mdhamini. Ndilo linalotoa fomu ya DS-2019, na bila fomu hiyo hupati visa. Mtu wa ofisi ya ghorofani kule Digo Road au Nyali ni mshirika wa mdhamini tu, kama kweli ni mshirika. Muulize jina la mdhamini, litafute kwenye orodha iliyo wazi katika tovuti ya j1visa.state.gov, kisha mwandikie mdhamini kupitia anwani iliyo kwenye tovuti yake mwenyewe. Usitumie ile uliyopewa na ajenti. Muulize kama anamtambua mtu huyu. Nusu saa kwenye intaneti ya saiba imewahi kuokoa kiwanja ambacho familia ilikuwa tayari imekipatia mnunuzi ili ilipie safari.

Tuje kwenye kalenda, ambako hata wanafunzi makini huteleza. Kiangazi cha Marekani na Ulaya ni Juni hadi Agosti. Hapa kwetu huo ni wakati wa kusi. Hoteli za Diani na Bamburi ndiyo kwanza zinatoka kwenye miezi ya wageni wachache ya Aprili na Mei, ambapo nyingine hufunga kabisa kwa ukarabati, na kijana wa kozi ya hoteli hapati hata kibarua cha kuosha vyombo. Wazo la kwenda kufanya kazi kwenye msimu wa wenzetu linaingia akilini. Tatizo ni kwamba likizo ndefu ya vyuo vyetu haikupangwa kwa kufuata kiangazi cha mtu. Chuo kimoja hufunga Mei, kingine baadaye, na mgomo ukitokea tarehe zote husukumwa mbele. Mgomo wa wahadhiri wa vyuo vya umma wa mwaka 2025 ulianza Septemba ukaisha mapema Novemba. Wiki zilizopotea zilibidi zifidiwe mahali fulani. Kabla ya kulipa hata shilingi, pata tarehe za likizo kwa maandishi kutoka ofisi ya msajili, na usitegemee mazoea ya mwaka jana.

Halafu kuna atachmenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Wanafunzi wengi wa uhandisi, utalii na biashara hutakiwa kuifanya ndani ya likizo hiyo hiyo ndefu. Miezi 3 ya kutandika vitanda hotelini Ocean City, Marekani, haihesabiki kuwa atachmenti ya mwanafunzi wa umeme, hata ukirudi na barua ya bosi iliyojaa sifa. Kwa mwanafunzi wa usimamizi wa hoteli, idara inaweza kukubali, ila kibali kiombwe kabla ya safari, kwa maandishi, kwa mwenyekiti wa idara. Anayekwenda kuomba baada ya kurudi hukuta jibu ni kurudia atachmenti mwaka unaofuata, na kuhitimu kunasogea. Mwaka wa ziada una karo, una kodi ya nyumba, na una mzazi wa kuelezwa.

Mwanafunzi mmoja alituletea barua ya ajira ya hoteli ya Florida. Nembo ya rangi, saini ya wino wa buluu, karatasi nzito. Jina la hoteli liliandikwa kwa tahajia moja juu na nyingine chini. Mshahara dola 4,500 kwa mwezi, chakula na malazi bure, kwa kazi ya kusafisha vyumba. Baruapepe ilikuwa ya Gmail. Ada ya kushughulikia faili, shilingi 45,000, itumwe kwa M-Pesa kwa namba ya mtu binafsi kabla ya Ijumaa. Yeye alikuwa ameishikilia nembo. Alisema mtu hawezi kujisumbua kutengeneza kitu kizuri hivyo kwa ajili ya kumwibia mwanafunzi. Kilichomfungua macho ni tarehe ya kuripoti kazini, Oktoba 6. Oktoba yeye yuko katikati ya semesta. Aliyeandika barua ile hakuwahi kujua, wala kutaka kujua, kama anayemwandikia anasoma.

Kwa kazi za nje kwa jumla, Kenya ina utaratibu wake. Ajenti anatakiwa awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, NEA, na orodha ya waliosajiliwa hupatikana kwenye tovuti ya mamlaka hiyo. Wengi wetu huonyeshwa cheti cha kusajili kampuni, kimetiwa fremu ukutani, tukadhani mambo yako sawa. Cheti hicho hata muuza viazi karai wa Mama Ngina anaweza kukipata, na ni haki yake; hakimruhusu kupeleka watu Doha. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo inataka mkataba wa kazi ya ng'ambo uthibitishwe na afisa wa leba, ambaye huangalia kama umeuelewa, kama umeingia kwa hiari bila kulazimishwa wala kudanganywa, na kama afya yako inaruhusu. Ajenti akikushauri umkwepe afisa wa leba ili "mambo yaende haraka", ameshakujibu maswali mengi kwa mpigo.

Na siku hizi hata neno masomo limekuwa chambo. Oktoba 2024 shirika la habari la AP lilichapisha uchunguzi juu ya mpango wa Urusi uitwao Alabuga Start, uliotangazwa mitandaoni kama nafasi ya kazi na masomo kwa wasichana wa miaka 18 hadi 22, wengi wao kutoka Afrika, Kenya ikiwemo. Waliahidiwa tiketi ya bure na mafunzo ya kazi kama za upishi na hoteli. Baadhi walijua walipofika Tatarstan kwamba wangeunganisha droni za vita, wakishika kemikali zilizowaharibu ngozi. Tangu 2022 pia serikali yetu imekuwa ikiwatoa Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta Myanmar, ndani ya kambi za utapeli wa mtandaoni. Chini ya sheria ya 2010 ya kupambana na ulanguzi wa binadamu, mlanguzi hufungwa miaka isiyopungua 30 au hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Ni adhabu nzito, lakini humfika mtu pale tu waliodanganywa wanapopeleka ripoti polisi.

Ujerumani nitaigusa kidogo tu. Makubaliano ya Kenya na Ujerumani ya Septemba 2024 yalizua uvumi wa nafasi 250,000, na serikali ya Ujerumani yenyewe ikakanusha idadi hiyo. Ipo kweli kazi ya likizo kwa wanafunzi wa vyuo vya nje, isiyozidi siku 90 katika miezi 12, ndani ya likizo rasmi ya chuo, na idara ya ajira ya serikali yao huipitia kwanza. Uingereza ina visa ya kazi za msimu mashambani ya hadi miezi 6, kupitia mashirika machache yaliyoidhinishwa, na sheria ya huko inakataza kumtoza mtu ada ya kumtafutia kazi. Huo si mpango wa wanafunzi. Miezi 6 inakula semesta nzima.

Sasa pesa. Tuchukue mfano wa Marekani. Tuseme unalipwa dola 12 kwa saa, saa 40 kwa wiki, wiki 12. Kima cha chini cha serikali kuu ni dola 7.25 na majimbo mengi yako juu ya hapo, kwa hiyo 12 inawezekana. Jumla ni dola 5,760. Malazi mara nyingi hulipiwa: weka 150 kwa wiki, ni 1,800. Chakula 70 kwa wiki, ni 840. Kodi ya mapato weka asilimia 10, ni 576. Umebaki na 2,544. Upande wa kwenda, tiketi ya kwenda na kurudi weka 1,500, ada za mdhamini na mshirika wake pamoja na bima ya afya weka 1,300, visa 185, ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi na wageni wa J-1) 35. Hiyo ni 3,020. Umerudi Moi International ukiwa na upungufu wa dola 476, zaidi ya shilingi 60,000, na bado hatujagusa pasipoti ya shilingi 7,550 wala nauli ya SGR ya 1,500 kila upande kwenda kwenye mahojiano ya visa katika ubalozi wa Marekani, Gigiri, Nairobi.

Wapo wanaorudi na akiba. Walipata saa za ziada, au kazi ya pili, ambayo nayo lazima mdhamini aikague kabla hujaianza, au waliishi wanne chumba kimoja. Nawaheshimu sana. Lakini bangili za mama zisiwekwe rehani kwa hesabu ya saa 60 kwa wiki ambazo hakuna mkataba uliozitaja. Soma mkataba utafute idadi ya chini ya saa. Ukikuta imeandikwa kwamba saa zitategemea mahitaji ya biashara, rudia hesabu yako kwa saa 25 na umwonyeshe mzazi hiyo. Wengi wakishaona hesabu bado wanataka kwenda, kwa Kiingereza, kwa uzoefu, kwa kuona dunia, na hilo ni sawa kabisa alimradi familia inajua inalipia nini.

Maswali mengine ni ya kwetu zaidi, na wanafunzi huona haya kuyauliza. Nitavaa hijabu kazini? Nitapangwa kuuza pombe au kukaanga nguruwe? Yaulize kwa baruapepe kabla ya kusaini, ukiwa bado unaweza kuchagua kazi nyingine. Sheria ya Marekani humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi azingatie dini ya mfanyakazi pale inapowezekana bila kuiumiza biashara, lakini ni rahisi zaidi kuelewana mapema kuliko kudai haki ukiwa mgeni wa siku 2. Jua pia kwamba mpango wa J-1 unakataza kazi za ndani katika nyumba za watu na kazi ambazo sehemu kubwa ya saa zake ni kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi. Ukiletewa barua ya kulea watoto wa familia fulani kwa jina la mpango huu, irudishe.

Kwenye visa, tangu Juni 2025 waombaji wa J-1 hutakiwa kuziacha wazi akaunti zao za mitandao ya kijamii ili zikaguliwe. Pasipoti ni yako. Mwajiri anaweza kutoa nakala akakurudishia, na kuizuia ili usiondoke ni kosa la jinai Marekani. Mwachie mtu wa nyumbani nakala yake, nakala ya DS-2019, na namba ya dharura ya mdhamini.

Jambo la mwisho huja baada ya safari, na ndilo linalosahauliwa. Mwanafunzi wa J-1 kwa kawaida hakatwi michango ya Social Security (pensheni) na Medicare (bima ya afya ya wazee), ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65 ya mshahara. Iangalie hati yako ya kwanza ya malipo; ukikuta michango hiyo imekatwa, mwambie mwajiri arekebishe ukiwa bado huko. Kodi ya mapato hukatwa, na sehemu yake inaweza kurudishwa ukijaza fomu ya 1040-NR kabla ya Aprili 15 ya mwaka unaofuata. Kwa hilo utahitaji fomu ya W-2, inayoonyesha mshahara wako na kodi iliyokatwa, ambayo mwajiri hutakiwa kuitoa kufikia mwisho wa Januari. Kabla ya kuondoka, mwachie mhasibu wao anwani ya posta na baruapepe utakayokuwa nayo Mombasa, umwombe akusomee alivyoiandika.