Kushuka na nyutro hakuokoi mafuta, na nyanya hazisubiri breki zipoe

Alfajiri ya Jumanne nilipigiwa simu kwenda kuliangalia Fuso lililokwama chini ya Kitonga, ule mteremko mkali wa barabara ya Iringa kwenda Morogoro. Lilikuwa limebeba matenga ya nyanya za Ilula, linaelekea sokoni Dar es Salaam. Nilipofika, harufu ya breki zilizoungua ilikuwa bado inanuka. Nikavua gurudumu la nyuma, nikakuta ngoma ya breki imegeuka rangi, ina bluu kama sufuria iliyosahauliwa motoni, na laini za breki, zile zinazoibana ngoma, zimekuwa nyororo kama kioo, hazishiki tena. Dereva, kijana mpole tu, akaniamkia: "Shikamoo mzee." Kisha akasema yale ninayoyasikia kila mara: "Niliweka nyutro kidogo tu. Tajiri anabana sana mafuta."

Nimechoka kuisikia kauli hiyo. Naisikia kwa vijana walioanza juzi na kwa wazee waliokwenda Tunduma na Lubumbashi mara mamia. Naisikia kwa matajiri wenyewe, wanaoletwa karakana na bili ya breki, na bado wanaamini dereva wao ni hodari kwa sababu "anajua kuachia gari." Kwa hiyo leo naiandika, nimpe kila anayeniuliza aisome.

Dhana: "Mteremkoni weka nyutro, gari litembee bure"

Gari halitembei bure. Ukiwa kwenye gia na umeinua mguu kwenye pedeli ya mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Kompyuta ya gari inaona injini inazunguka kasi na pedeli haijakanyagwa, inafunga nozeli. Halitoki hata tone. Na usiniambie lako ni la zamani, la pampu ya kawaida: gavana, kidhibiti mwendo kilichomo ndani ya pampu, inafanya kazi hiyohiyo, nayo imekuwepo kabla hatujajua kompyuta ni nini.

Ukiweka nyutro umeikata injini na magurudumu. Hakuna tena kinachoizungusha, kwa hiyo lazima ichome dizeli yake yenyewe isizimike. Injini ya lori kubwa ikinguruma bila kazi inakula kama lita 3 kwa saa. Chukua madereva wawili wanaoshuka Kitonga wakifuatana. Aliye kwenye gia ndogo, mguu juu, anatumia sifuri. Aliye nyutro ndiye anayechoma mafuta. Mwenye gari jipya asibishane na mimi, atazame dashibodi: kile kipimo cha matumizi ya papo hapo kitaonyesha sifuri akiwa kwenye gia, na kitapanda pale tu anapoweka nyutro. Nimewapandisha matajiri kadhaa kwenye kabini wakaone kwa macho yao.

Hayo ni ya mafuta. Ya breki ndiyo yanayoninyima usingizi. Semi yenye tani 30, mzigo ukiwemo, ikiteremka mita 120 tu za kimo inaachia nishati sawa na ile iliyomo kwenye lita 1 ya dizeli. Nishati hiyo haipotei, lazima iende mahali. Ukiwa kwenye gia, sehemu kubwa inamezwa na injini na breki ya egzosi, ile inayoziba njia ya moshi ili injini ilizuie gari. Ukiwa nyutro, breki ya egzosi haina kazi kwa sababu injini haijashikana na magurudumu, na moto wote unaingia kwenye ngoma. Kitonga unashuka mamia ya mita. Hesabu mwenyewe ni lita ngapi za moto umezimwaga ndani ya vile vyuma.

Bado kuna upepo, ule unaosukuma breki. Kompresa inaendeshwa na injini. Injini ikizunguka taratibu, mitungi ya upepo inajaa polepole, na wakati huohuo wewe unapampu breki kwa hofu na kuumaliza. Ukigundua kosa, unataka kurudi kwenye gia, gari limeshashika mwendo na gia inakataa. Kuanzia hapo wewe si dereva tena, ni abiria. Wakenya wanaijua Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako kwa miaka mingi malori yaliyoachiwa yamekuwa yakikemewa na wala tabia haijaisha.

Kuna wanaonijibu kwa hoja ya maana, na hao nawaheshimu: "Fundi, mbona Scania jipya linajiweka nyutro lenyewe?" Kweli, Scania wana Eco-roll, Volvo wana I-Roll. Lakini mfumo ule unafanya hivyo kwenye mteremko mdogo sana, ule ambao ukiwa na gia gari lingepungua mwendo na ingebidi ukanyage mafuta tena. Hapo kubiringika kuna faida ndogo, na kompyuta inapiga hesabu hiyo kila sekunde. Ukigusa breki tu, au mwendo ukizidi, gia inarudi yenyewe. Kitonga, Sekenke au Nyang'oro si miteremko ya aina hiyo, na mkono wako hauwezi kufanya kazi ya kompyuta ile.

Ushauri wangu ni uleule wa siku zote: shuka na gia ambayo ungepandia, na kama gari lako ni jipya lenye nguvu nyingi, shuka na iliyo moja chini ya hiyo. Ipange kabla ya kilele, usisubiri umeanza kushuka. Breki zikanyagwe kwa kishindo kifupi kisha ziachiwe, zipate kupoa.

Kijana wa Jumanne hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini tulimaliza kazi jua limeshapanda, na bonde la Ruaha lina joto lake. Matenga ya chini yalikuwa yameanza kutoa maji. Nyanya zilizotakiwa kuwahi soko la Ilala zilifika jioni, siku ya soko imekwisha, na mkulima wa Ilula alilipwa bei ya nyanya za kuungia mchuzi wa siku hiyohiyo. Kama alilipwa.

Dhana: "Lori moja likikwama mji hauhisi, chakula kipo maghalani"

Kilichopo maghalani ni nafaka. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, wanatunza mahindi, na kazi hiyo ni kubwa. Lakini hakuna ghala la taifa la nyanya, la vitunguu, la mchicha wala la ndizi za Rungwe. Ghala la vitu hivyo ni lori lenyewe likiwa barabarani. Viazi vya Njombe vinavyoliwa Manzese keshokutwa viko saa hii juu ya tandamu mahali fulani kati ya Makambako na Mikumi. Akiba ya mji kwa mboga ni ya siku mbili tatu, na inategemea barabara moja na breki za watu wasiofahamiana.

Tumeliona hili. Machi 2020 maji yalipokata barabara pale Kiyegeya (Gairo), Morogoro na Dodoma zikatenganishwa, na foleni ya malori pande zote mbili ilikuwa ya vyakula na mafuta. Brazil walilionja kwa ukubwa mwingine Mei 2018, madereva wa malori walipogoma kwa sababu ya bei ya dizeli. Ndani ya siku chache masoko yalikuwa matupu, wafugaji wakamwaga maziwa, na kuku kwa mamilioni wakafa kwa kukosa chakula kwa sababu hakuna lori la kukipeleka bandani. Serikali ilikubali kupunguza bei ya dizeli kwa reale 0.46 kwa lita ndipo hali ikatulia. Brazil si nchi yenye njaa, ni miongoni mwa nchi zinazolisha dunia. Chakula kilikuwepo. Kilichokosekana ni magurudumu.

Dhana: "Ukizidisha mzigo, mafuta yanagawanyika kwa magunia mengi"

Kwenye karatasi hesabu hiyo ina ukweli kidogo, ndiyo maana ni ngumu kuiua. Gunia la 101 haliongezi mafuta mengi. Lakini mwenye lumbesa hapigi hesabu ya matairi, ya springi, ya breki nilizoeleza hapo juu, wala ya barabara. Majaribio makubwa yaliyofanyika Ottawa, Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hauongezeki sawa na uzito, unapanda takriban kwa kipeo cha nne. Ekseli inayoruhusiwa tani 10 ukiibebesha tani 12 umeongeza uzito kwa asilimia 20, ila umeiumiza lami kama mara mbili. Sheria ya uzito ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 1, 2019 na kuweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima, haikutungwa kumkomoa mtu. Shimo analolichimba mwenye lumbesa mwaka huu ndilo litakalomvunjia springi mwenzake mwakani, akiwa na kabichi.

Dhana: "Sheria za Ulaya na Marekani za kubana mafuta zitapandisha bei ya chakula"

Hii naisikia zaidi kwa matajiri wanaoagiza magari ya mitumba. Japani walianza kuweka viwango vya matumizi ya mafuta kwa malori mwaka 2006, Marekani wakatangaza vyao 2011, Umoja wa Ulaya wakaweka vyao 2019. Ni kweli gari linaloundwa kwa viwango hivyo lina vifaa vingi na bei yake inapanda. Ila safari ya Iringa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 500. Semi inayokwenda kilomita 2 kwa lita inakunywa lita 250. Inayokwenda kilomita 2.5 inakunywa 200. Lita 50 kila safari, na wewe unakwenda mara ngapi kwa mwezi? Mafuta ndiyo gharama kubwa ya lori la masafa, kwa hiyo gari linalokula kidogo ndilo linaloweza kushusha nauli ya gunia, na ndilo linalotetereka kidogo EWURA, wadhibiti wa bei ya mafuta Tanzania, wakitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi. Na magari hayohayo yatatufikia sisi yakiwa na miaka saba au minane. Kinachoniudhi ni kuona yakifika watu wanang'oa vile vifuniko vya upepo vya juu ya kabini na ubavuni, eti ni urembo. Si urembo. Vile ndivyo ulivyolipia.

Madogo yaliyobaki

"Dizeli ikizimwa, kuiwasha tena kunakula zaidi." Hapana. Foleni ya mizani ikiwa ndefu, zima. Saa mbili za kunguruma ni lita 6, na hujasogea.

"Mwendo mkali unawahisha mzigo." Upepo unaokusukuma nyuma unaongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo. Kikomo cha malori ni kilomita 80 kwa saa, na anayepita hapo anawahi dakika chache halafu anazirudisha zote kwenye foleni ya kwanza.

"Tairi likipata moto, lipunguze upepo." Hili limeua matairi mengi kuliko misumari. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi, na kujikunja ndiko kunakolitia moto, kwa hiyo ukilipunguza unaliongezea ugonjwa. Upepo unapimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Likipungua paundi 10 chini ya inavyotakiwa, matumizi ya mafuta yanapanda karibu asilimia 1, na unakaribia kupasuka. Lori likiingia karakana kwangu, kabla sijagusa boneti, namwomba dereva anionyeshe kipimo chake cha upepo. Kijana wa nyanya hakuwa nacho. Utingo wake alikuwa akipima kwa kupiga tairi nyundo na kusikiliza, nikampa kipimo changu cha akiba akaondoka nacho.