Mzazi Anayefuatilia Kila Kitu: Shule Impokee Vipi?

Kwenye semina za walimu wa shule za msingi, lalamiko la miaka yote ni wazazi wasiofika shuleni. Siku hizi limeongezeka jingine: mzazi anayefika kila wiki, anakagua kila daftari, na saa tatu usiku anatuma ujumbe kuuliza kwa nini Amina amepata 14 kwenye hisabati wakati mwenzake mwenye majibu yaleyale kapata 17. Walimu humwita msumbufu. Sikubaliani na jina hilo. Mara nyingi mzazi huyu ana swali la haki, hasa mwaka wa upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, ila shule haijamwekea utaratibu wa kuuliza.

Jibu la ujumbe kama huo lisiandikwe usiku ule kwa hasira, wala lisiachwe likae siku tatu. Asubuhi mwalimu aandike: "Habari za asubuhi, Mama Amina. Nimeuona ujumbe wako. Leo saa nane mchana nitakuwa na daftari lake mkononi. Karibu tuliangalie pamoja, au nikupigie muda huo." Mama amepewa saa, na anajua ataonyeshwa kazi yenyewe. Mkikutana, anzeni na daftari. Ikibainika alama zilijumlishwa vibaya, zirekebishwe palepale mbele yake. Daftari la yule mwenzake lakini lisifunguliwe, hata mama akilia. Mtoto wa mtu mwingine si mada ya kikao hicho.

Hapo ndipo magrupu ya WhatsApp yanapotuponza. Mwalimu anapiga picha orodha ya matokeo ya darasa zima, majina na alama, anaiweka kwenye grupu ili wazazi "waone wenyewe". Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Jirani zetu wa Kenya wameshaonja: Septemba 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Grupu libaki la matangazo: tarehe za kufunga shule, sare, vikao. Habari za mtoto mmoja ziende kwa mzazi wake.

Mzazi mwenye bidii haulizi kwa mwalimu peke yake. Atamuuliza mlinzi getini, dereva wa basi, mpishi, matroni. Nao, kwa wema tu, humjibu: "Jana alilia sana huyo." Maneno hayo yakifika nyumbani yameshakuwa jambo kubwa, na mwalimu wa darasa ndiye wa mwisho kujua. Kila mfanyakazi afundishwe sentensi moja ya heshima: "Hilo mwalimu wake wa darasa ndiye atakayekueleza vizuri, ngoja nikupeleke." Kisha ampeleke kweli, asimwelekeze kwa kidole.

Kuna jambo ambalo walimu hawapendi tuliseme. Mwalimu anayepokea bahasha au malipo ya tuisheni kutoka kwa mzazi mmoja hawezi tena kumwambia mzazi huyo "hapana". Siku alama zitakapobishaniwa, ameshafungwa mdomo. Zawadi ya shukrani ipitie ofisi ya mwalimu mkuu, iandikwe.

Akija mtu kwa matusi au vitisho, mwalimu asibaki naye peke yake darasani. Kikao kisitishwe, aitwe mwalimu mkuu, kilichosemwa kiandikwe siku hiyohiyo na tarehe yake. Likishindikana hapo, kamati ya shule ipo.

Ninachokihofia zaidi ni muda. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa, na madarasa mengi yamekivuka. Wazazi watatu wenye sauti wakichukua saa zote za mwalimu za kuonana na watu, mtoto wa mama muuza mboga asiyeweza kuacha genge lake mchana hana wa kumsemea. Kwa hiyo mwalimu wa darasa atenge siku moja ya wiki ya kupokea wazazi, muda ujulikane na wote, na wiki hiyohiyo awapigie simu wazazi wawili au watatu ambao hawajawahi kumtafuta. Simu ya kwanza iwe ya habari njema.