Ngiri ya kiwambo: aina zake, vipimo na tiba

Neno ngiri likitajwa, mawazo ya wengi huenda kwenye kinena au kitovu, mahali ambapo uvimbe huonekana kwa macho. Ngiri ya kiwambo haina uvimbe wa kushikwa. Kiwambo ni msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, nao una tundu ambamo umio hupita kuelekea kwenye mfuko wa chakula. Tundu hilo likilegea, kwa umri, unene au ujauzito, sehemu ya mfuko hupanda na kuingia kifuani.

Namna unavyopanda ndiyo huamua uzito wa jambo. Katika ngiri ya kuteleza, ambayo ni zaidi ya asilimia 90 ya zote, maungio ya umio na mfuko hupanda na kushuka, na kizuizi cha tindikali hulegea, ndipo mtu huamshwa usiku na kiungulia na uchachu kooni. Wengi hawajui hata kama wanayo. Katika ngiri ya kando ya umio, maungio hubaki mahali pake, ila sehemu ya juu ya mfuko hupenya pembeni na huweza kujisokota. Zipo zinazochanganya hali hizo mbili, na chache ambamo hata utumbo mpana hupanda.

Ili kuithibitisha, mgonjwa hunywa bariamu, kimiminika cheupe kizito, huku akipigwa eksirei, au hufanyiwa endoskopi, yaani kipimo cha kamera. Kamera huonyesha pia vidonda vidogo pale mfuko unaposuguana na kiwambo, ambavyo huvuja damu kidogo kidogo hadi mtu akaishiwa damu bila kujua chanzo.

Ngiri ya kuteleza isiyosumbua huachwa ilivyo. Ikisumbua, mgonjwa hupunguza uzito, huacha kula muda wa saa tatu nzima kabla ya kulala, na huinua kichwa cha kitanda sentimita 15 hadi 20 kwa matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, si kwa kurundika mito, kwani mito humkunja kiuno na kulibana tumbo. Dawa ya omeprazole hupunguza tindikali. Haiushushi mfuko, wala mizizi inayouzwa kama dawa ya ngiri haiushushi. Upasuaji ndio huurudisha, kwa kushona tundu na mara nyingi kuuzungushia umio sehemu ya juu ya mfuko, mbinu aliyoichapisha daktari wa upasuaji Rudolf Nissen mwaka 1956.

Mwenye ngiri ya kando akishikwa ghafla na maumivu makali ya chembe cha moyo, akajikamua kutapika na kitu kisitoke, huenda mfuko umejisokota, na hapo hospitali haisubiri kesho.