Je, wajua kwa nini wachezaji wapya huzikimbia gemu za mikakati mtandaoni?

Pita mwaloni Kirumba, Mwanza, mchana, boti zimeshashusha na magunia ya dagaa yanasubiri gari, utakuta watu wameuzunguka ubao wa drafti. Kete ni vizibo vya soda: huyu kavilaza kifudifudi, yule kavigeuza chali. Aliyefungwa anapisha, aliyeshinda anabaki kumsubiri anayefuata. Ukiitazama vizuri kanuni hiyo utaona inamwelemea mgeni kuliko mtu yeyote, kwa sababu kila zamu yake ikifika anamkuta aliyekwisha kuwaondoa wenzake wote. Anafungwa upesi, anainuka. Kesho yake amerudi. Miezi ikipita, wanaanza kumwogopa.

Kijana huyohuyo akipakua gemu ya mikakati kwenye simu, akachapwa mara tano mfululizo, anaifuta. Kwa nini kule anavumilia na huku anakimbia? Watengenezaji wa gemu wanahangaika na swali hili miaka yote, maana wamebanwa pande mbili. Wakongwe wanataka ushindani mkali, na ukiulegeza wanaona umewadharau. Ukiuacha kama ulivyo, wapya hawakai.

Nionavyo mimi, kufungwa peke yake hakumfukuzi mtu. Kinachomfukuza ni kufungwa bila kujua amefungwaje. Kijiweni, aliyeshindwa haondoki. Anasimama nyuma ya mshindi, anatazama mchezo unaofuata, anasikia watu wakibishana juu ya kila kete inayosogezwa, na hakosekani mzee wa kumwambia kwamba aliharibu pale mwanzoni kabisa, alipoifungua ile kete ya pembeni. Amecheza mchezo mmoja, amejifunza kwa michezo kumi. Mtandaoni anaambiwa tu kwamba ameshindwa, kisha anawekewa kitufe cha kuanza tena.

Na gemu za mikakati zina ugumu wake wa pekee katika kuonyesha kosa lilipo. Chukua Age of Empires II, iliyotoka mwaka 1999 na ambayo bado ina mashabiki wengi. Kila mmoja anaanza na wanakijiji wachache wa kukusanya chakula, kuni, dhahabu na mawe. Kituo cha mji huchukua sekunde 25 kumtoa mwanakijiji mmoja. Mkongwe hakiachi kituo chake kikae bure hata kidogo, kwa hiyo ndani ya dakika tano ameongeza watu 12. Mgeni anatazama ramani, anafikiria ajenge wapi, anasahau. Kituo kinakaa bure sekunde mia moja kwa jumla, naye anapungukiwa watu wanne. Wanne hao wangeleta chakula cha kuzalishia wengine, na hao wengine wangeleta kuni za kujengea kambi. Pengo linajizidisha lenyewe. Jeshi la mkongwe linapobisha hodi baadaye, mgeni anadhani ameshindwa vitani, anajilaumu kwa namna alivyopanga askari. Kumbe aliachwa mapema, katika sekunde ambazo hakuzitilia maanani kabisa. Atarudia kosa lilelile kesho, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha.

Dawa ya kwanza ambayo wabunifu huikimbilia ni kuwakutanisha watu wa kiwango kimoja, na hesabu yake ni ya zamani kuliko intaneti. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa profesa wa fizikia mjini Milwaukee, Marekani, alibuni mfumo wa kumpa kila mchezaji wa sataranji pointi zinazopanda akishinda na kushuka akishindwa. Shirikisho la sataranji la Marekani liliupokea mwaka 1960, na lile la dunia, FIDE, mwaka 1970. Uzuri wa mfumo huu ni kwamba tofauti ya pointi inabashiri matokeo. Wawili wakilingana, kila mmoja anategemewa kuvuna nusu. Wakipishana kwa pointi 200, mwenye nyingi anategemewa kuvuna kama michezo 76 katika kila 100. Zikiwa 400, ni 91. Zikiwa 800, mnyonge anabakiwa na mmoja katika mia.

Maana yake ni kwamba gemu yenye watu wa kutosha inaweza kumpa mgeni kabisa ushindi wa karibu nusu ya michezo yake, kwa kumkutanisha na wageni wenzake. Tatizo ni siku ya kwanza, wakati mfumo bado haumjui. Lichess, tovuti ya sataranji inayotumia mfumo wa pointi uitwao Glicko-2, wa mtakwimu Mark Glickman, humwanzishia mtu pointi 1500 zenye alama ya kuuliza pembeni, yaani bado hatuna hakika naye. Michezo yake ya mwanzo huzirusha pointi hizo juu au chini kwa mkupuo mpaka zitulie. Kihesabu ni sawa kabisa. Lakini aliyejifunza jana jinsi farasi anavyoruka anajikuta mezani na watu wa kiwango cha kati, anachapwa mfululizo, na anachapwa katika saa zilezile anazoamua kama mchezo huu unamfaa. Chess.com wameliona hilo. Ukijisajili wanakuuliza wewe ni mgeni kabisa au unajua kiasi, wakupangie pa kuanzia. Swali dogo namna hiyo, kwa maoni yangu, linaokoa watu wengi kuliko mabadiliko makubwa yanayotangazwa kwa shangwe.

Kuna jambo hapa ambalo wakongwe wengi hawalipigii hesabu. Katika mchezo wa watu wawili, ushindi wa huyu ni kushindwa kwa yule. Kundi zima likikusanywa, ushindi ni nusu na kushindwa ni nusu; haiwezekani wote wakawa washindi. Lazima wawepo wa chini. Sasa wale dhaifu mia wakiondoka, waliokuwa juu yao kidogo ndio wanakuwa wa chini. Hawajashuka ujuzi hata kidogo, ila sasa kila wanayekutana naye anawazidi. Wanaanza kushindwa kuliko walivyozoea, nao wanaondoka, na zamu inawafikia waliofuata. Wakati huohuo watu wanapungua, na mfumo unabaki na njia mbili mbaya: kukusubirisha dakika ishirini upate wa kiwango chako, au kukupa yeyote aliyepo. Gemu nyingi hufa hivyo, zikiliwa kutoka chini, na wakongwe hushtuka mwishoni wakijikuta ni walewale kila usiku.

Hapo nimezungumzia michezo ambayo kila pambano linaanza upya, ambapo pengo ni la ujuzi tu. Kuna aina nyingine ambapo kijiji chako, jeshi lako na hazina yako vinabaki miezi na miaka. Huko mkongwe anakuzidi mara mbili: anajua zaidi, na pia amelimbikiza zaidi. Mapengo haya mawili hayafanani hata kidogo. La ujuzi nalikubali, hata linanivuta, kwa sababu naweza kulifuata kwa kujifunza. La limbikizo siwezi kulifikia. Nikikimbia mwaka mzima, naye amekimbia mwaka huohuo akiwa mbele.

Njia iliyozoeleka ni kumpa mgeni kinga. OGame, gemu ya Kijerumani ya mwaka 2002, humzuia mwenye nguvu aliyemzidi mgeni pointi kupita kiasi asimvamie. Clash of Clans, iliyotoka mwaka 2012 kutoka kampuni ya Supercell ya Helsinki, Finland, ilimpa mchezaji mpya ngao ya siku tatu, na mkubwa aliyeshambulia kijiji kidogo alipunguziwa nyara kadiri tofauti ilivyokuwa kubwa. Kati ya hizo mbili, kupunguza nyara ndiko kwenye akili zaidi. Ngao inaahirisha tu: siku ya nne mgeni yuko nje, na hajui lolote zaidi ya siku ya kwanza. Nyara zikipungua, mkongwe mwenyewe anaona hakuna faida ya kumwonea mdogo, anatafuta saizi yake bila kulazimishwa na mtu.

Travian, nayo ya Ujerumani, ya mwaka 2004, ilichukua njia nyingine kabisa. Kila dunia yake ina mwisho. Miungano ya wachezaji inashindana kujenga jengo liitwalo Ajabu ya Dunia, na wa kwanza kulifikisha kiwango cha 100 ameshinda. Dunia hiyo inafungwa, nyingine inafunguliwa, na wote wanaanza na kijiji kimoja. Limbikizo linafutwa, ujuzi unabaki. Wapo wanaolalamika kwamba jasho lao la miezi limepotea, na nawaelewa. Ila kwangu mimi hii ndiyo haki iliyo wazi kuliko zote: mkongwe anabaki na kile hasa kinachomfanya awe mkongwe, na mgeni anapata tarehe anayojua kwamba siku hiyo hakuna aliyemtangulia.

EVE Online, gemu ya Iceland ya meli za anga za juu, haikufuta chochote tangu mwaka 2003, na bado wageni wake wana nafasi. Inafaa kuangalia kwa nini. Ujuzi wa mhusika wako hukua kwa saa halisi, hata ukiwa umelala, kwa hiyo aliyeanza mwanzo kabisa anaonekana kama hatafikiwa kamwe. Lakini kila ujuzi una ngazi tano tu, na ngazi ya mwisho ni ghali mno. Ujuzi rahisi kabisa unahitaji pointi 45,255 kufika ngazi ya nne, na 256,000 kufika ya tano. Kwa ujuzi unaoongeza nguvu kiasi kilekile kwa kila ngazi, mgeni anapata asilimia 80 ya faida kwa chini ya asilimia 18 ya muda. Mkongwe anapata ile ishirini iliyobaki, ambayo katika pambano la karibu inatosha kuamua. Wote wawili wana sababu ya kubaki. Tena meli moja inatumia sehemu tu ya ujuzi wote, kwa hiyo miaka ya mkongwe mingi iko kwenye vitu ambavyo siku hiyo havimsaidii.

Kuna na kazi ambayo wageni wanaiweza mapema kabisa: kuendesha meli ndogo ya bei rahisi, kumkimbilia adui mkubwa na kumnasa asitoroke, mpaka wenzake wenye silaha nzito wafike. Meli yake huenda ikalipuliwa. Lakini bila yeye adui angeshaondoka, na kila mtu kwenye kikosi anajua. Mtu anayehitajika hata siku ambayo hajui kitu atarudi kesho. Wachezaji wenyewe walianzisha humo ndani chuo, EVE University, mwaka 2004, kwa ajili ya kufundisha wapya, na wanaofundisha ni wakongwe wanaojitolea.

Dawa zote hizi zina adui mmoja: mkongwe anayefungua akaunti mpya ili acheze na watoto. Mfumo unamwona mgeni, unampa wageni, naye anawamaliza. Mwaka 2017 Valve, kampuni yenye gemu ya Dota 2, walianza kudai namba ya simu kwa anayetaka michezo ya viwango, yaani ile inayopandisha na kushusha pointi, na Septemba 2023 wakafungia akaunti 90,000 za aina hiyo. Nawaunga mkono. Ila huku kwetu ipo hali ambayo hesabu hizo hazikuitegemea: simu moja, akaunti moja, ndugu watatu. Mkubwa akitoka kazini Igoma anapandisha pointi usiku, mdogo akitoka shule anazishusha mchana, na mfumo unadhani ni mtu mmoja anayebadilikabadilika. Mdogo ndiye anayeumia, maana kila akishika simu anakutana na wapinzani wa kaka yake. Gemu ikiruhusu wasifu zaidi ya mmoja kwenye simu moja, kila mtu na pointi zake, tatizo linaisha.

Mchezo wa Go wa Asia Mashariki ulitatua tatizo la pengo la ujuzi karne nyingi kabla ya seva kuwepo. Mwenye ujuzi mdogo hupewa mawe mbele, kwa kawaida mawili mpaka tisa, yakiwa yameshawekwa ubaoni kabla mchezo haujaanza. Mkongwe hachezi kwa huruma wala kwa kujilegeza. Anapigana kwa nguvu zake zote, na pambano linakuwa la kweli kwa wote wawili. Gemu kadhaa za simu hufanya kinyume: humpa mgeni kompyuta dhaifu iliyopewa jina la mtu, aamini amemshinda binadamu. Hilo silikubali. Akigundua, na atagundua, hata ushindi wake wa halali hatauamini tena.

Yaliyobaki yako mikononi mwa wachezaji. Ukoo wa Clash of Clans, yaani kundi la wachezaji wanaosaidiana, una nafasi 50. Mkongwe anaweza kumpa mwanaukoo mgeni askari alionao yeye, anaweza kumwachia ajaribu kuvamia kijiji chake kwa changamoto ya kirafiki isiyopoteza jeshi, kisha wote wawili wakatazama marudio ya shambulio hilo na kuona lilipoharibika. Vifaa vyote vya kumfundisha mtu vipo tayari. Lakini kiongozi wa ukoo ndiye anayepanga kiwango cha chini cha kuingilia, na koo nyingi zenye nguvu hukiweka juu, mgeni asiuone hata mlango. Wewe unayeongoza ukoo, uwe Nyegezi, Buzuruga au Ukerewe, fungua mipangilio leo usiku, ushushe kiwango hicho, na utenge nafasi kumi kati ya hizo 50 kwa watu ambao bado wanajenga ukuta wao wa kwanza.