Maziwa hayaondoi vumbi mapafuni

Katika karakana za kukata mawe, viwanda vya saruji na maeneo ya ujenzi, wengi wanaamini kwamba glasi ya maziwa baada ya zamu husafisha vumbi kifuani. Baadhi ya waajiri huyagawa kila siku, kwa nia njema.

Maziwa ni chakula kizuri, ila hupita kwenye umio hadi tumboni. Vumbi hufuata njia ya hewa. Chembe za silika, madini yaliyomo kwenye mawe na mchanga, zilizo ndogo kuliko mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) huweza kufika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, ambako maziwa hayafiki kabisa. Huko huacha makovu yasiyopona na kuongeza hatari ya kifua kikuu. Nafuu anayoihisi mtu akinywa ni ya koo tu.

Sheria za usalama na afya kazini, ya Tanzania ya 2003 na ya Kenya ya 2007, humtaka mwajiri amkinge mfanyakazi. Maziwa hayachukui nafasi ya kinga. Aanze na vumbi lenyewe: msumeno utiririshiwe maji unapokata jiwe, sakafu ilowanishwe kabla ya kufagiwa. Barakoa huja mwisho, yenye alama ya kiwango cha kuchuja vumbi: N95, FFP2 au FFP3. Kitambaa hakitoshi.

Unaweza kukagua mwenyewe. Vaa barakoa, ifunike kwa viganja, kisha toa pumzi kwa nguvu. Hewa ikivuja kando ya pua, bana upya kibati chake. Ndevu pia huivujisha. Mashine zikishazimwa, punguza taa umulike tochi hewani: vumbi laini lisiloonekana mchana utaliona likielea.