Kisu cha Kukunja cha Safari: Kagua Kiungo Kabla ya Makali

Likizo ya Agosti ikikaribia, visu huanza kuletwa mezani petu, kwenye maabara ya ukaguzi. Vingine huletwa na wazazi wenye watoto wanaokwenda kambi, vingine na viongozi wa vikundi vya kupanda milima ambavyo siku hizi huondoka Nairobi Jumamosi alfajiri kuelekea Ngong, Longonot au Elephant Hill. Malalamiko ni yale yale: mtu alikuwa anakata kamba au tawi, bapa likajikunja lenyewe, likamkata vidole. Kwa kuwa mwezi huu taasisi inaendesha hamasisho kuhusu usalama wa vifaa vya mkononi, nimeombwa nieleze jinsi ya kuchagua kisu cha kukunja cha kutumia nje, hasa hivi vinavyouzwa kama visu vya kujiokoa porini. Mimi ni mpimaji wa metali. Taasisi haipendekezi chapa yoyote. Nikitaja jina, ni kwa ajili ya kueleza muundo tu.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawapendi kulisikia ni kwamba kisu cha kukunja kina udhaifu wa kuzaliwa nao. Bapa na mpini vimeshikanishwa kwa msumari mmoja, na nguvu yote ya mkono wako hupita hapo. Ukigonga mgongo wake kwa gogo ili upasue kuni, kipigo kikubwa kinaishia kwenye msumari huo. Nimefungua visu vya bei kubwa ambavyo tundu la msumari limetanuka kwa kazi hiyo hiyo. Kupasua na kufyeka ni kazi ya panga, au ya kisu kisichokunjika kinachokaa kwenye ala. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Gikomba hufua mapanga na visu kwa springi za lori, chuma chenye kaboni ya karibu asilimia 0.6, kikipashwa moto na kupozwa inavyotakiwa hakivunjiki ovyo, ingawa hushika kutu usipokipaka mafuta. Cha kukunja ni cha kukata kamba, bandeji, nyama na mboga, na kuchonga vijiti vya kuwashia moto. Ukikubali mpaka huo, uchaguzi unakuwa mwepesi.

Angalia kufuli kwanza. Visu vidogo vya Uswisi, vizazi vya kile cha askari cha mwaka 1891, vingi havina kufuli. Springi ndiyo inayolishikilia bapa, nayo inatosha kwa kazi nyepesi mradi usisukume ncha mbele kwa nguvu. Kufuli la mgongo, lililoenea baada ya Buck 110 ya Marekani kutoka mwaka 1964, ni chuma kinachozama kwenye pengo la kisigino cha bapa, yaani sehemu yake iliyo kwenye kiungo. Lina nguvu, lakini tope na makombo ya chakula yakijaa kwenye pengo hilo halizami hadi mwisho, na mwenye kisu hana habari. Lisafishwe kwa kijiti kila baada ya safari. Kufuli la pete, ambalo Opinel wa Ufaransa walilianzisha mwaka 1955, ni mkanda unaozungushwa kwenye shingo ya mpini ili kuziba njia ya bapa. Nalipenda kwa sababu mtu anaona kwa macho kama limefungwa. Kasoro yake ni mpini wa mbao, ambao ukilowa huvimba na kisu kikagoma kufunguka mvua inaponyesha.

Visu vingi vilivyoletwa kwetu baada ya kukata watu vilikuwa na kufuli la bamba. Ndani ya mpini kuna bamba jembamba lililopindwa kidogo. Bapa likifunguka, bamba huchomoka na kusimama nyuma ya kisigino chake. Likitengenezwa vizuri ni kufuli zuri kabisa. Tatizo ni visu ambavyo bamba ni jepesi kama kifuniko cha kopo, au linalishika bapa kwa ukingo tu. Fungua kisu dukani, ukitazame kwa upande wa mgongo: upana wote wa bamba uwe umekaa nyuma ya kisigino. Likigusa kwa pembe, kirudishe. Na ukinunua cha mitumba, angalia kama bamba limesogea hadi upande wa pili wa mpini. Hilo limeshalika, halina siku nyingi.

Kisha pima. Shika mpini kwa pande zake, vidole vyote viwe nje ya mfereji wa bapa, ukandamize mgongo wa bapa polepole kwenye ukingo wa meza, ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Kufuli likiteleza, usikinunue. Tikisa bapa kushoto na kulia. Likicheza ilhali skrubu ya kiungo imeshakazwa, kiache pia. Fungua na kufunga mara kumi, kwa sababu kuna kasoro zisizojitokeza mara ya kwanza wala ya pili. Mwenye duka akikataa usipime, nenda duka jingine. Na tafadhali, wananchi, msigongeshe mgongo wa kisu mezani kwa kishindo kama mnavyoona kwenye video. Huko si kupima. Kipigo cha namna hiyo huharibu hata kufuli zima, halafu kisu kinaletwa kwetu kikiwa kibovu, nasi hatuwezi tena kusema kama kosa ni la kiwanda au la mnunuzi.

Kuhusu chuma, kuna imani moja ambayo nimechoka kuisahihisha, kwamba chuma kisichoshika kutu hakishiki kutu kamwe. Chuma huitwa hivyo kikiwa na kromiamu ya angalau asilimia 10.5, na hata hivyo chumvi hukishinda. Kisu kilichokwenda Diani au Watamu kisuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi jioni hiyo hiyo, kikaushwe, kitiwe tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo. Maandishi ya "440", aina mojawapo ya chuma kisichoshika kutu, yakiwa peke yake pia hayakuambii mengi. Chuma hicho kina daraja A, B na C. Daraja A lina kaboni ya asilimia 0.60 hadi 0.75, na C lina 0.95 hadi 1.20, na kaboni ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu na kushika makali. Mtengenezaji aliyetumia C hana sababu ya kuificha herufi hiyo. Michoro ya mawimbi inayoitwa ya Damaski itazame kwenye mgongo wa bapa: ikiwa mistari inaishia ubavuni na mgongo ni mweupe, imechorwa juu juu.

Visu vingi vizuri vya kukunja vina ugumu wa kati ya 56 na 60 kwa kipimo cha Rockwell. Huwa naulizwa kwa nini sipendekezi vigumu zaidi. Swali langu ni moja: nani atakinoa? Chuma kigumu sana hutaka jiwe la almasi na mkono uliozoea. Cha 56 au 57 hurudisha makali kwa kinoo cha kawaida, mtu akiwa ameketi kambini. Na kisu butu ni hatari kuliko kikali, kwa sababu humlazimisha mtu kutumia nguvu, na nguvu ikiteleza haijulikani itaishia wapi.

Bapa la sentimita 7 hadi 9, lenye unene wa kama milimita 3, linatosha. Anayekwenda Mlima Kenya akumbuke kwamba kambi ya Shipton iko kwenye mita 4,200 hivi, na asubuhi ya huko vidole havina hisia. Achukue kisu chenye tundu au kitufe kikubwa cha kufungulia, akijaribu akiwa amevaa glavu. Mpini uwe wa rangi kali, ya machungwa au nyekundu. Rangi za kijeshi hupotea kwenye nyasi, na pia humfanya askari wa lango la hifadhi akuulize maswali zaidi. Makali yenye meno hukata kamba vizuri, lakini hayanoleki kwa jiwe bapa, kwa hiyo sioni faida yake kwa anayeanza. Zile ndoano za kuchunia wanyama zilizo kwenye mgongo wa baadhi ya visu ni za wawindaji wa nchi nyingine. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977.

Wala msikate jeraha la nyoka. Nasema hivi kwa sababu nimeona karatasi za maelezo ndani ya boksi la kisu zikimshauri mtu achanje mahali alipoumwa na kunyonya sumu. Aliyeumwa na moma anahitaji kutulizwa, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, na afikishwe hospitali yenye dawa ya kuzuia sumu. Asikatwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza.

Mzazi mmoja aliniambia mtoto akililia wembe, mpe. Mama, wa miaka minane naomba asipewe bila mtu mzima kando yake, na akipewa, kiwe chenye ncha ya mviringo na kufuli la pete.

Sasa sheria, ambako upotoshaji umezidi. Watu wanaambiana kwamba bapa lisilozidi inchi 3 ni halali kubebwa popote. Kipimo hicho kinatoka kwenye sheria ya Uingereza ya mwaka 1988, tena huko kinahusu kisu cha kukunja kisicho na kufuli. Hapa Kenya, kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, hakitaji inchi hata moja. Kinachoangaliwa ni kama mtu amekutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha kwamba alikusudia kutenda kosa kubwa, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 7 na kisichozidi 15. Kisu kilichofungwa ndani ya mkoba wa safari, pamoja na hema na sufuria, kina maelezo yake. Kisu hicho hicho kiunoni saa sita usiku katikati ya jiji hakina. Sheria ya Utaratibu wa Umma, Sura ya 56, nayo inakataza silaha kwenye mikutano na maandamano ya umma, kwa hiyo anayetoka safarini na kukuta maandamano mjini asijiunge nayo akiwa na mkoba huo.

Treni ya Madaraka Express haipandwi na kisu. Katika stesheni ya Syokimau mizigo hunuswa na mbwa na kupitishwa kwenye mashine, na kubishana na askari hapo ni kupoteza safari. Kwa ndege, iwe JKIA au Wilson, kisu kiwekwe kwenye mzigo unaokwenda chini, si ule unaoingia nao. Kwenye hifadhi, mwambie askari wa lango kabla hajakuuliza. Tena angalia mpini umetengenezwa kwa nini. Pembe ya ng'ombe haina shida. Pembe ya ndovu au ya mnyamapori mwingine yeyote ni nyara, na Sheria ya Wanyamapori, kama ilivyopitishwa mwaka 2013, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni 1 au kifungo kisichopungua miaka 5 kwa anayekutwa nayo bila kibali. Kusema ulirithi kwa babu hakukupi kibali.

Kwa bidhaa ghushi, Sheria ya mwaka 2008 inamlenga anayezifanyia biashara. Kosa la kwanza ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyopungua mara tatu ya thamani ya bidhaa kwa bei ya rejareja. Likirudiwa, kifungo kisichozidi miaka 15 au faini isiyopungua mara tano. Aliyejinunulia kisu kimoja cha matumizi yake asiogope kuja kulalamika. Bidhaa inayoingia kutoka nje hutakiwa kuwa na kibandiko cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba yake huhakikiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 20023. Fanya hivyo ukiwa bado dukani.

Kisu kikikuangusha, anza na aliyekuuzia, kwa maandishi. Kifungu cha 46 cha Katiba kinakupa haki ya bidhaa yenye ubora wa kuridhisha na fidia kwa hasara au jeraha. Akikupuuza, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kufungua milango Milimani mwaka 2021. Husikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na shauri linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa. Utahitaji risiti, au angalau ujumbe wa M-Pesa unaoonyesha jina la aliyepokea na tarehe, picha za kisu, na karatasi ya hospitali kama uliumia. Wengi hufika bila hata kimoja kati ya hivyo, na hapo hatuna la kuwasaidia.

Anayetuletea kisu kikaguliwe asikifungue wala kukikaza skrubu, na asikioshe, hata kama kina damu. Kifungwe kwenye gazeti, kitiwe ndani ya boksi lake pamoja na nakala ya risiti. Ukifika langoni, mwambie mlinzi ulichobeba kabla hujapita kwenye mashine. Atakiandika kitabuni, atakupa kipande cha karatasi chenye namba, na kisu kitapandishwa maabara bila wewe kukishika tena. Kitunze kipande hicho cha karatasi, kwa sababu ripoti yetu hutolewa kwa namba hiyo wala si kwa jina lako.